Inkishafi Moja, Milango Mitatu: Juu ya Kupanga Matoleo katika Maktaba ya Mtandaoni

Wahakiki wetu wamezoea kuinukuu Al-Inkishafi kana kwamba ina matini moja tu. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yatakita mizizi zaidi iwapo maktaba za mtandaoni hazitayapanga matoleo kwa uangalifu, na kwamba upangaji huo ni suala la uhakiki kabla haujawa suala la ufundi.

Utungo huu wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaoutazama mji wa Pate uliokwisha kuanguka, ulienea kwa hati za Kiarabu kabla ya kupigwa chapa. Mwaka 1915 matini yaliyosawazishwa na W. E. Taylor yalitokea ndani ya kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. W. Hichens alitoa toleo lake mwaka 1939, naye James de Vere Allen akatoa lake jijini Nairobi mwaka 1977. Vichwa vidogo pekee vyatosha kututahadharisha: Taylor aliuita utungo kioo cha ulimwengu, Hichens mwamko wa roho, Allen katekisimu ya roho. Kila mhariri amekwisha kuuhakiki utungo kabla sisi hatujausoma.

Hapa pana makosa mawili ya kuepukwa. Maktaba inayofuata jina lililo juu ya jalada huyaweka matini ya Taylor chini ya Stigand, miongoni mwa sarufi. Mtafutaji wa ushairi hatayaona. Maktaba inayochagua toleo moja "sahihi" na kuyaficha mengine hukosea zaidi, kwani humpa msomaji hukumu ya mhariri kama kauli ya mshairi.

Tangu 1998 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, limependekeza ngazi nne: kazi, umbo lake la maneno, chapisho, na nakala iliyo mkononi. Mpango huu unatufaa. Inkishafi ni kazi moja; matini ya Taylor ni umbo mojawapo; kitabu cha 1915 ni chapisho; kilichopigwa picha ni nakala. Hata hivyo, mpango huo hautoshi. Katika mapokeo ya miswada, mnakili naye ana mkono wake katika maneno. Kwa hiyo kila umbo halina budi kutaja mswada uliotumiwa, mnakili akijulikana, mhariri, na lahaja. Aidha, utafutaji uzingatie tahajia: anayeandika "njia" apelekwe pia kwenye "ndiya" ya Kiamu, na anayeandika "macho" kwenye "mato". Bila hilo, mashairi ya kaskazini yatakuwamo maktabani yasionekane.

Yamkini msomaji ataona haya ni mambo ya makarani. Siku moja wanafunzi wangu wawili walibishana kuhusu neno katika ubeti mmoja. Niliamua kwamba mmoja amekosea kunukuu. Baadaye niligundua kwamba kila mmoja alikuwa ameshika toleo lake, na wote wawili walinukuu kwa uaminifu. Aliyekosea ni mimi, niliyewafundisha utungo bila kuwafundisha historia ya matini yake. Maktaba iliyopangwa vyema ingenisahihisha kabla sijamwonea mwanafunzi.