Nyonga Mpya, Choo Kilekile

Mkazi wa Kawangware au Waithaka, Nairobi, akiambiwa abadilishiwe nyonga, iwe Hospitali ya Kenyatta au ile ya PCEA Kikuyu kule Thogoto, kwanza huuliza bei. Upande atakaopasuliwa hauulizii, ilhali huo ndio utakaoamua atakavyoketi miezi ya mwanzo.

Kazi ya ndani ni ileile tangu John Charnley wa Uingereza aisimamishe mwaka 1962: kichwa cha mfupa wa paja kilicholika hukatwa, shina la chuma lenye kichwa kipya huzamishwa mfupani, na kikombe hukazwa kwenye fupanyonga. Kinachotofautiana ni njia ya kufika pale.

Anayepitia nyuma hupanua nyuzi za msuli mkubwa wa kalio, kisha hukata misuli midogo inayolizungusha paja. Huona kila kitu vizuri, na misuli inayotuzuia kuyumba tukitembea haiguswi. Ila mgonjwa akikunja nyonga kupita nyuzi 90 huku goti likielekea ndani, kichwa kipya kinaweza kuchomoka. Kuishona vyema misuli hiyo na ngozi ngumu inayofunika kiungo kumepunguza hatari hiyo sana, hakujaimaliza.

Njia ya ubavuni, aliyoieleza daktari Hardinge mwaka 1982, hubandua sehemu ya msuli wa kando na kuirudisha. Kuteguka ni nadra zaidi, lakini wapo wanaobaki wakichechemea.

Ya mbele ndiyo inayosifiwa siku hizi, kwa kuwa hupenya katikati ya misuli. Wiki za kwanza maumivu hupungua na magongo huachwa mapema. Hasara zake hazitangazwi sana: ganzi pajani, mfupa kupasuka shina likiingizwa, na daktari kuhitaji wagonjwa wengi kabla mkono haujazoea. Miezi kadhaa ikipita, wa mbele na wa nyuma hutembea karibu sawa.

Kwa hiyo sioni haja ya kukimbilia ya mbele kwa daktari anayejifunza. Linalonitia wasiwasi zaidi ni ploti ya nyumba za kupanga yenye choo kimoja cha kuchuchumaa, na kigoda kifupi jikoni. Mkao huo ndio hasa aliyepasuliwa nyuma anaokatazwa.

Kabla ya kulazwa, muulize daktari njia anayoifanya mara kwa mara, mweleze choo chako kilivyo, na utafute mapema kiti chenye tundu cha kuweka juu yake.