Kata Haiugui, Wanaougua ni Watu

"Zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata" ilikuwa kosa tangu siku ilipoingia kwenye Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, mwaka 2007, na bado tunalilipia. Kata ni mpaka wa kumchagulia diwani. Haisemi ndani yake kuna wajawazito wangapi, wazee wangapi, wala nani anakunywa maji ya kisima. Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900, hivyo kwa sensa ya 2022 wastani ni watu kama 15,000 kwa kila moja. Dar es Salaam ina kata 102 na watu 5,383,728, yaani zaidi ya 50,000 kwa kata. Na huo ni wastani tu, unaozificha Kivule na Chamazi, ambako familia changa zinahamia kila mwaka kufuata viwanja, nyuma ya Kisutu yenye maduka na ofisi. Kwa hesabu ya MMAM zote hizo zilidai kitu kimoja: kituo kimoja, kwa ramani ileile, OPD, maabara, wodi ya wazazi. Kivule ilihitaji vitanda vya kujifungulia kwanza, tena vingi. Vijiji vya Kilimanjaro, mkoa wenye uwiano mkubwa wa wazee, vilihitaji kliniki ya presha na sukari isiyokatika dawa. Aliyepanga alikuwa na sensa ya 2002 mezani, akahesabu mipaka.

Linalouma zaidi ni kwamba tulishajua kufanya vizuri. Miaka kumi kabla ya MMAM, mradi wa TEHIP ulianza Rufiji na Morogoro Vijijini kwa swali rahisi: hapa watu wanakufa kwa nini, na fedha zinaenda wapi? Rufiji, wadodosaji walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne katika eneo la watu wapatao 85,000. Palipotokea msiba walirudi kuwauliza wafiwa marehemu aliugua vipi, homa ilianza lini, kama alifikishwa zahanati. Takwimu za vifo zikawekwa kando ya bajeti za wilaya, na aibu ikaonekana: Morogoro, malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ikapata kama asilimia 5 ya fedha. Timu za afya za wilaya zikahamisha fedha, na katika miaka michache vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hakuna mpango wa majengo uliowahi kunionyesha hesabu ya namna hiyo.

Wapo wanaosema takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, zinatosha. Hazitoshi, na nitalirudia hili hadi lisikike: rejesta ya MTUHA inamhesabu aliyefika dirishani, haimjui aliyefia nyumbani. Pingamizi lenye uzito ni la umbali, kwamba ukigawa kwa idadi ya watu tu, wilaya yenye watu wachache waliotawanyika kama Liwale itasahauliwa. Ni kweli, na ndiyo maana umbali ni sehemu ya wasifu wa eneo pamoja na umri, jinsia, ulemavu, maji na vyoo. Fomula ya ruzuku ya afya ya mwaka 2004 iliipa idadi ya watu asilimia 70, ikabakiza uzito kwa umaskini, umbali na vifo vya watoto, kazi safi. Ila fedha zikishafika halmashauri, jengo linarudi kufuata kata. Wengine watasema TEHIP ilibebwa na fedha za Kanada. Sawa, lakini sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, ikahesabu majengo na anwani za makazi, ikauliza vifo vilivyotokea katika kaya. Gharama kubwa imeshalipwa.

Takwimu hizo leo hunakiliwa kwenye sura ya kwanza ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri, kisha sura ya bajeti inaandikwa kana kwamba haikuwapo. Madiwani, ninyi ndio mnaoipitisha. Safari hii, kabla ya kunyoosha mkono, mwiteni mganga mkuu aonyeshe mstari kwa mstari ni kundi gani la wakazi wa mtaa gani limesababisha kila shilingi iliyoombwa. Asipoweza, mpango urudi ukaandikwe upya.