Nani Mwenye Vigae vya Kilwa?

Iko fikra iliyoenea miongoni mwa wanafunzi wetu, na hata makada wengine, kwamba suala la mabaki ya kale ni suala la mahali yalipo: yakiwa Ulaya tumenyang'anywa, yakiwa nyumbani tumekombolewa. Hatuikatai fikra hiyo, ila haitoshi. Fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965, na tuna haki ya kulionea fahari. Lakini fuvu moja ni rahisi kulitunza. Kazi iko kwenye makasha ya vigae na mawe ambayo hakuna mgeni wa taifa anayepelekwa kuyatazama.

Tuchukue Kilwa. Neville Chittick alichimba huko miaka ya 1960, na mwaka 1974 akatoa kitabu cha juzuu mbili. Ni kazi kubwa, wala hatuna sababu ya kuibeza. Hata hivyo swali aliloingia nalo shimoni lilikuwa swali la wakati wake: ni wageni gani walioukuza mji huu, na walifika lini? Vyungu vya wenyeji hakuviacha, lakini mwenye swali hilo hulipenda zaidi bakuli la China, kwa kuwa humpa tarehe. Kwa hiyo tulichorithi si Kilwa yenyewe. Ni Kilwa iliyokwisha kuchambuliwa kwa jicho la mtu.

Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Naye Felix Chami, katika kazi aliyoitoa mwaka 1994, akafuatilia vyungu vya wakulima na wafua chuma wa pwani ya Tanzania. Chungu cha kupikia ndicho kilichotoa ushahidi kwamba miji ya Waswahili ilichipuka katika jamii za wenyeji. Laiti vigae vya namna hiyo vingetupwa ili kupata nafasi ghalani, ushahidi huo tungeupata wapi?

Hapo ndipo utunzaji wa ghala unapokuwa siasa. Kigae hakisemi kwa sura yake. Kinasema kwa kuwa kimeandikwa: shimo fulani, tabaka fulani. (Tabaka hili ni la udongo, Ndugu, nalo likishavurugwa halirudi.) Kibandiko kikiliwa na mchwa, jasho la vibarua waliochimba limepotea. Na daftari za uchimbaji zikiwa mji mwingine, tumerithi sanduku bila ufunguo.

Basi tunawapinga wanaosema kuorodhesha ni kazi ya karani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na kila kijana anayepita humo anatamani shimo lake mwenyewe. Kasha lililoachwa na mwingine halimvutii. Sisi tungependa apewe kwanza kasha moja la zamani, alitafutie daftari lake, ahesabu vigae na kueleza kilichopungua, ndipo akabidhiwe sururu.