Dar es Salaam: "Bandari" au "Makao"?

Wako washikiliao kwamba jina Dar es Salaam limefupishwa kutoka "Bandar es Salaam", yaani Bandari ya Salama. Nadharia hii inavutia, kwani bandari yenyewe ni tulivu. Lakini kiisimu hatuioni kuwa na miguu. Kiswahili kilipolipokea neno la Kiajemi bandar hakikulikata kichwa, bali kililiongezea irabu mwishoni, likawa bandari. Silabi "ban" ilidondoshwa na nani, na kwa kanuni ipi?

Kinyume chake, dar ni neno kamili la Kiarabu, nyumba au makao, na Dar as-Salaam imo katika Kurani kwa maana ya Pepo. Sultani Majid bin Said, aliyeanza kuujenga mji huo katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, hakuwa na haja ya kufupisha chochote. (Mzizima nalo hufasiriwa "mji wenye afya", ingawa kitenzi zizima, yaani kupoa sana, kingestahili kusikilizwa kwanza.)

Kwa hiyo twapendekeza vitabu vya shule viandike "Makao ya Amani", na "Bandari ya Salama" ibaki lakabu.