Mvua Ikinyesha, Mwalimu Anasikika?

Skuli niliyosomea mimi, masika yakianza, mwalimu alikuwa anaweka chaki mezani na kukaa. Hakuwa mvivu. Bati lilikuwa tupu, halina dari, na mvua ikilishukia hata aliyekaa mbele hasikii tano mara sita ni ngapi. Tulikuwa tunasubiri, tunatazamana, wengine tunasinzia. Leo nikihesabu masomo niliyoyakosa hali ya kuwa nimo darasani, mwalimu yupo na daftari lipo, naona mtoro mkubwa kuliko sote alikuwa aliyelichora lile paa.

Ndiyo maana wanafunzi wa usanifu majengo wanapokuja kwetu Wete, Pemba, na karatasi zao, wameagizwa kubuni skuli ya msingi iliyo endelevu, huwaomba waliweke hilo neno pembeni kwanza. Watafute darasa lolote, siku ya mvua, wamwombe mwalimu mkuu ruhusa, wakakae dawati la nyuma. Mwalimu anasikika? Madirisha yako wazi, au yamefungwa ili maji yasiingie na watoto wanapikwa kama viazi? Yakifungwa, ubao unaonekana? Karibu makosa yote ya jengo la skuli hukutana kwenye dawati lile la nyuma, na anayetaka kujua jengo zuri ni lipi hana haja ya kuanzia kwingine.

Ukitoka nje baada ya hapo, usiitazame rangi. Rangi ni ya siku ya ufunguzi. Tazama jengo limelalia wapi. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na zile fupi za mashariki na magharibi ziwe hazina dirisha, maana jua la asubuhi na la alasiri hupita chini ya upenu wowote ule. Kisha tazama paa limetoka kiasi gani nje ya ukuta. Wete iko kama digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hututembelea pande zote mbili. Mwezi Juni huwa kaskazini, limeinama digrii 28 hivi kutoka utosini. Disemba huwa kusini, digrii 18 tu. Ukitaka kulikinga dirisha ambalo ukingo wake wa chini uko mita 1.8 chini ya upenu, kaskazini unahitaji upenu wa karibu mita moja, kusini sentimita 60 zinatosha.

Mwanafunzi mwenye kompyuta nzuri atakuletea hesabu hiyo na kujiona amemaliza. Mvua haikuisoma hesabu yake. Masika huja na upepo wa kusi, hupiga kwa ubavu, na upande ule ule alioupunguzia upenu ndio unaorowa. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, na kwa hapa kwetu mvua ndiyo yenye kauli ya mwisho: mita moja na zaidi pande zote mbili, au, kama fedha zipo, baraza refu lenye paa lake. Mimi napenda baraza. Linakinga ukuta, linapoza hewa kabla haijaingia ndani, na watoto wa mkondo wa mchana wana pa kukaa wakisubiri wa asubuhi watoke. Mchoro usiokuwa na baraza unanifanya nishuku kwamba mchoraji hajawahi kusubiri zamu yake mahali.

Turudi kwenye paa, maana ndipo penye mambo. Bati si adui. Makuti ni ya baridi na kimya, hilo hakuna anayebisha, lakini yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na yanashika moto. Skuli ya Serikali haina wa kuyashughulikia. Basi ni bati, na ubora wake unajulikana hata na asiyejua kuchora. Uliza geji: 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba inakudanganya. Panda ngazi utazame misumari. Imepigwa mgongoni mwa bati au bondeni? Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari wa bondeni ni tundu ulilolinunua mwenyewe. Kila kichwa cha msumari kina mpira wake, au tayari kina pete ya kutu? Mji wenye bandari hauna subira na chuma, na kutu huanzia palipotobolewa.

Chini ya bati pawe na dari, na kati ya dari na bati pawe na njia ya hewa kutoka. Dari iliyozibwa pande zote inapunguza kelele ya mvua lakini inahifadhi joto juu ya vichwa, na saa sita mchana wakati wa kaskazi utadhani umekaa chini ya sufuria. Weka mkono juu, karibu na dari. Ukihisi joto linakushukia, hewa imekwama.

Kosa jingine, mimi huliona zaidi kwa masikio. Ukuta unaogawa madarasa unaishia kwenye lenta, juu yake pako wazi hadi kwenye kenchi, kwa sababu mtu alitaka kuokoa matofali mia mbili. Darasa la pili wanaimba herufi, darasa la tatu wanaandika herufi hizo hizo kwenye mtihani wa hesabu. Ukuta huo upande hadi bati. Hakuna mahali pa bei rahisi zaidi pa kununua utulivu.

Na dirisha? Mtoto wa darasa la kwanza akiwa amekaa, utosi wake haufiki mita moja kutoka sakafuni. Halafu dirisha linaanzia mita moja na robo, kwa vile ramani ilinakiliwa kutoka ofisi fulani. Upepo unapita juu ya watoto arubaini kwenda kumpepea mwalimu aliyesimama. Ukingo wa chini ukishushwa hadi sentimita 60, ukazibwa kwa matofali ya matundu ili mtoto asichungulie akaanguka, upepo utamfikia anayestahili. Siku moja nilimwona mwanafunzi wa chuo akipiga magoti katikati ya darasa ili macho yake yawe sawa na ya mtoto, akageuka akatazama dirisha, akatazama mchoro wake, akatoa kifutio. Sikumwambia kitu.

Kuhusu kuta, jaribio ni la zamani. Likwaruze tofali la saruji kwa msumari. Likitoka unga kama sembe, mfuko mmoja umezalishwa matofali mengi mno, au hayakumwagiliwa maji wiki nzima baada ya kufyatuliwa. Ligonge kwa jingine: zuri linalia, baya linajibu kama mkate wa mofa uliolala. Chini ya ukuta ukikuta alama nyeupe zinazotoa chumvi na lipu inayobabuka, ulizia mchanga ulitoka wapi, ingawa jibu unalo. Mchanga wa pwani una madhara mara mbili: unaula ukuta na unaiacha pwani tupu. Chokaa ya matumbawe nayo, pamoja na uzuri wake wote, inachomwa kwa kuni nyingi, na boriti za mikoko zinatoka kwenye mikoko ile ile inayotukinga na bahari. Hapa ndipo lile neno endelevu linapoanza kuwa na maana ya kushikika.

Wanafunzi wengi wanaofika hapa wana picha moja kichwani, na wanachekeshwa na jina. Skuli ya msingi ya Gando! Sisi tuna Gando yetu, ni mwendo mfupi tu kutoka Wete mjini. Yao iko Burkina Faso, kijiji alikozaliwa Diébédo Francis Kéré, ambaye aliijenga pamoja na wanakijiji ikakamilika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004; mwenyewe alipata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alichofanya ni hiki: matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo, dari ya matofali hayo hayo yenye nafasi za kupitisha hewa, na juu yake bati lililoinuliwa mbali kwa kenchi za nondo nyembamba, hewa ya moto inatoka katikati.

Je, Gando ile ihamie Gando hii? Nusu yake, ndiyo. Magharibi ya Pemba ina udongo mwingi, si mawe matupu kama Micheweni, kwa hiyo tofali la udongo linawezekana, likiinuliwa juu ya msingi wa mawe na kukingwa na upenu mpana. Bati lililoinuliwa juu ya dari ndilo hasa tunalolihitaji. Lakini zile nondo nyembamba zilibuniwa kwa nchi kavu isiyokuwa na bahari. Hapa zitaanza kulika zikiwa bado hazijazoeleka machoni. Tumia mbao zilizotiwa dawa, na upande unakotoka upepo usiache uwazi mpana kati ya bati na dari, mvua yetu ya ubavu itaingia humo bila hodi. Mwanafunzi anayeelewa hivyo amejifunza kwa Kéré zaidi kuliko anayenakili picha yake.

Eneo lenyewe nalipita haraka: Wete ni vilima, na kilima kisikatwe ili jengo likae bapa. Udongo uliokatwa hushuka masika. Jengo lishuke na kilima, ngazi kwa ngazi, na kama kuna mkarafuu au mwembe wa zamani, mchoro uuzunguke.

Mwisho ni maji. Darasa la mita 7 kwa 9, ukijumlisha upenu, lina paa la karibu mita za mraba 100. Mvua ya milimita 20, ambayo hapa si ya kusimulia, inaangusha lita 2,000 juu yake. Pasipokuwa na gata, maji hayo yote yanachimba mfereji chini ya ukuta, huku watoto wakibeba ndoo kutoka kisimani. Penye gata, fuata bomba hadi kwenye tangi. Uone kama kuna njia ya kumwaga maji ya kwanza yenye majani na mavi ya ndege, kama mfereji wa kunawia uko karibu na choo, na kama mtoto mdogo anaufikia. Kisha inua macho kwenye gata lenyewe. Likiwa limeota majani, usimlaumu mtu bado. Nenda stoo, uulize ngazi ndefu iko wapi.