Tangazo Lisilotaja Bei

Muuza nyanya sokoni hutaja bei kabla hujatoa pesa. Matangazo ya mikopo ya simu hutuambia "bila dhamana" na "dakika tano tu", kisha gharama huiita "ada". Ukikopeshwa shilingi 100,000 ukatozwa ada ya 15,000 kwa siku 7, hiyo ni riba ya asilimia 15 kwa wiki, ila neno riba hulioni popote. Wala hatuambiwi kwamba kwa baadhi yao dhamana ipo: ni watu waliomo kwenye simu yako. Ukichelewa, mkwe wako na mwalimu wa mtoto watatumiwa ujumbe kwamba unadaiwa.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Hatua njema, lakini hata mwenye leseni aweza kutangaza nusu ya ukweli.

Wapo wasemao mtu mzima asome masharti. Sawa, ila anayeuguliwa na mtoto usiku wa manane hasomi kurasa kumi.

Katika Nehemia sura ya 5, Nehemia aliwakemea waliotoza ndugu zao riba wakati wa njaa, na akakiri kwamba yeye naye alikuwa amekopesha. Nasi tukiri. Wako wenzetu waliochukua mikopo hii ya kausha damu ili wamalize ahadi za ujenzi wa kanisa, baada ya sisi kusoma ibadani majina ya waliochelewa. Walipoleta fedha tulipiga makofi, wala hatukuuliza wamezipata wapi.