Uvungu wa Mwamba: Namna ya Kuukagua Ukuta wa Tangi la Samaki

Kuna ukuta wa tangi la samaki unaozunguka kwenye simu za watu hapa Bofu, Likoni, tangu mwezi jana, na kila anayeuona anasema mashallah. Mimi nimeenda kuutazama kwa macho yangu, sebuleni mwa mwenyewe, na nasema hiyo si kazi. Ni stairofomu iliyopakwa simiti usoni, ikatiwa kahawia ya aina moja toka juu hadi chini, na mabonge yake yamepangwa kwa nafasi sawasawa kama vifungo vya koti. Aliyeutengeneza sasa anaitwa mpaka Mtongwe na Timbwani. Mtaniambia ni wivu. Haya, na uwe wivu, lakini anayetoa pesa yake ajue anachokilipia.

Kwanza yale mepesi. Ukuta sharti utokeze juu ya maji. Ukiishia chini yake, jicho linaona ubao. Upande mmoja uwe mzito kuliko wa pili, na kilele kisikae katikati. Rangi ni tatu tu: ya giza kwenye mashimo, ya wastani mwilini, na nyepesi ya kupitishwa kwa brashi kavu juu ya ncha. Bluu hairuhusiwi. Ukiniuliza kwa nini, sina jibu zaidi ya kwamba bluu hairuhusiwi. Bomba la filta lifichwe, ila mkono ulifikie. Fundi anayeifungia pampu nyuma ya mwamba ameizika. Ile picha ya plastiki inayouzwa kwa futi, yenye matumbawe mekundu na magofu ya Ugiriki, haimo kabisa katika mazungumzo haya.

Sasa tuje kwenye uvungu, maana hapa ndipo wanapoanguka wote.

Nenda Shelly Beach siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa, ulitazame jabali. Halikusimama wima. Bahari imelila kwa chini, pale mawimbi yanapolipiga siku zote, na juu limebaki paa linaloning'inia. Piga magoti uchungulie chini ya paa hilo. Kule juu mawe ni meusi na makali, yanakata viatu. Huku chini yamepauka, yamelainika, yana vishimo na chaza walioganda, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo kivuli kinavyokolea. Ni jamii ya mwamba ule ule ambao Wareno waliukalisha Fort Jesus juu yake walipoanza kuijenga mwaka 1593, kwa hivyo aliye kisiwani naye hana kisingizio. Darasa liko wazi na halina karo.

Anayejifunza hupamba uso. Hutoboa, huchoma kwa kisu cha moto, hukwaruza kwa brashi ya waya, na uso ukikamilika kwake kazi imekwisha. Chini ya kila jiwe lililotokeza, stairofomu imeachwa bapa vile vile ilivyokatwa, simiti imeishia njiani, na pengine weupe wenyewe unachungulia. Ukiwa umesimama huoni kitu. Wageni hutazama wakiwa wamesimama, na hizo video hupigwa na mtu aliyesimama. Lakini mwenye tangi hukaa. Akishajikalia kwenye kochi lake jioni, jicho liko karibu na usawa wa mchanga, na mchanga mweupe unaurudisha mwanga wa taa juu, moja kwa moja uvunguni. Ule weupe atautazama mpaka siku atakayouza tangi.

Mzee aliyetufunza kazi hii alikuwa fundi wa lipu, na samaki alianza kufuga uzeeni. Ubao wake hakuupaka ukiwa umelala. Mkono wa kwanza, wa simiti ya majimaji, aliupiga ubao ukiwa umesimama. Wa pili aliugeuza kichwa chini miguu juu, ili simiti iteremke kwa uzito wake mpaka kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Wa tatu ndio ulikuwa wa uso, na huo aliufanya haraka haraka, karibu kwa dharau. Kisha kulikuwa na jambo la hewa. Paa la uvungu likiwa na bonde, maji yanapopanda hewa hunaswa humo. Unabaki na kipovu kinachong'aa mchana kutwa, na kinachosaidia kuung'oa ukuta. Yeye alichonga kila uvungu ukipanda kidogo kuelekea mbele, hewa ikapata njia. Juu ya jiwe nako alikuinamisha, mavi ya samaki yateremke mchangani yasitande. Mwisho alilala sakafuni na tochi, shavu chini, akaanza kugombana na kazi yake mwenyewe.

Samaki nao wanaelewa. Mbuna wa Ziwa Malawi, wanaoishi miambani na kukwangua ukijani juu ya mawe, watie kwenye tangi lenye uvungu wa kweli uone dume linavyojichagulia makao na kuyalinda. Watie kwenye ukuta wa uso mtupu, watajazana nyuma ya filta.

Matapeli sasa. Yupo aliyekuja nyumba moja jirani, akaupachika ukuta wa futi nne kwa madoa machache ya silikoni, akalipwa, akaondoka. Hesabu yake ni ndogo: futi nne kwa moja na nusu, unene wa wastani inchi tatu, ni zaidi ya lita 40 za stairofomu. Maji yanausukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 40, na simiti haipunguzi sana. Usiku tangi lilipojazwa ukuta ulipanda, ukainua kifuniko, na asubuhi zulia lilikuwa limelowa. Silikoni ipigwe ukingo mzima na mgongo mzima, iachwe ikauke barabara. Na isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki.

Yupo mwingine anayeosha simiti mbichi kwa siki, anasema chokaa imekwisha. Siki inaosha ngozi tu. Chokaa iliyo ndani itaendelea kutoka na kupandisha pH, na dawa yake ni kuloweka kwa wiki kadhaa, unamwaga maji na kujaza mapya mpaka kipimo kitulie. Najua kwa nini wanakwepa. Tangi la futi nne, upana na kimo futi moja na nusu, hubeba kama lita 250: mitungi 13 ya mkokoteni kwa kila mjazo, na Likoni hii maji tunayajua. Lakini gharama hiyo ni sehemu ya bei. Asiyeihesabu anakuuzia ukuta nusu.

Wa mwisho ni yule anayekuletea matumbawe halisi, yamechemshwa kwa dawa ya kufulia hadi yakawa meupe pe. Huyo mfukuze. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na miamba yetu haijasahau joto la mwaka 1998 lililoyaua kwa wingi. Isitoshe, jiwe la matumbawe hufanya maji yawe magumu: mbuna watashukuru, samaki wa Amazon watadhoofika.

Zamani tangi lenyewe lilikuwa fremu ya chuma na puti, zito, linavuja pembe, na bado watu walitengeneza miamba ya kukufanya usogeze kiti. Walikuwa na mikono ya chokaa, mikono iliyotokana na kazi kama ile ya zidaka za Lamu, ambako kina cha kivuli kilipimwa kabla ya pambo. Vijana wa leo wana taa nzuri, kioo safi na haraka.

Basi ukiitwa kukagua, usianze kusifu. Omba tochi, lala chini, mulika juu. Kisha muulize fundi mkono wa mwisho ulipigwa lini na maji yamebadilishwa mara ngapi. Akikwambia kazi nzima imemchukua siku tatu, usimlipe.